Ufuo na Kisima

Watu wakaao pwani wana hazina mbili wasizozipanda wala kuzinunua. Ya kwanza ni mchanga wa ufuo, ambao huvunja nguvu za mawimbi kabla hayajafika kwenye nyumba. Ya pili ni maji matamu yaliyo chini ya ardhi. Hazina hizi ni za wote, na kwa sababu hiyo huharibika upesi, maana kila achukuaye hudhani kuwa kidogo chake hakitaonekana.

Mfano wa hazina ya kwanza ni Kunduchi, kaskazini ya mji wa Dar es Salaam. Mchanga wa ufuo hautulii mahali pamoja. Wakati wa kusi mawimbi huusukuma kwenda kaskazini, na wakati wa kaskazi huurudisha kusini. Ule unaopotea baharini hulipwa na mito, ambayo wakati wa masika huleta mchanga mpya kutoka bara. Lakini mji ulipokua, watu walitaka mchanga wa kujengea, wakauchimba katika mito ya huko, kama Tegeta na Mbezi. Magari yakajaa, ufuo ukapungukiwa, na bahari ikaanza kula nchi kavu. Hoteli moja iliyojengwa karibu na maji iliharibika hata ikaachwa. Wenye majumba mengine walijenga kuta fupi za mawe, zikiingia baharini, ili kunasa mchanga. Upande mmoja wa ukuta mchanga ulikusanyika. Upande wa pili haukufika, na jirani akapata hasara.

Hazina ya pili haionekani kwa macho. Maji matamu ni mepesi kuliko maji ya chumvi; kwa hiyo chini ya ardhi ya pwani huelea juu ya maji ya bahari. Mahali ambapo maji matamu yamesimama meta 1 juu ya usawa wa bahari, huweza kwenda chini yake kiasi cha meta 40. Visima vikivuta maji mengi, hata yakashuka meta 1 tu, maji ya chumvi huweza kupanda polepole kiasi cha meta 40 kutoka chini. Ndipo mwenye kisima aonjapo maji yake siku moja na kuyatema. Hata akiacha kuvuta, chumvi haiondoki upesi, bali hungojea mvua za miaka mingi.

Mambo haya hayawezi kutengenezwa na mtu mmoja. Akiacha yeye kuchimba na jirani yake akaendelea, ufuo utaliwa vilevile. Ndiyo sababu sheria hutakiwa. Katika Tanzania, sheria za mwaka 1982 zilizipa halmashauri za wilaya na za miji uwezo wa kutunga sheria ndogo za mahali pao. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 ilikataza shughuli za kudumu katika meta 60 kutoka ukingo wa bahari na wa mito. Na sheria ya maji ya mwaka 2009 ilizipa bodi za mabonde ya mito kazi ya kutoa vibali vya kutumia maji, hata yale ya chini ya ardhi.

Lakini sheria pekee haitoshi. Mchimba mchanga naye ana watoto wa kulisha. Yafaa halmashauri imwonyeshe mahali pengine pa kuchimba pasipo na hasara, naye yampasa kuitii.

Wahenga walisema: Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwaka 2018 ulimalizika ukuta mpya wa kuzuia bahari katika mji wa Dar es Salaam, kando ya Barabara ya Barack Obama. Ukuta huo umejengwa kwa fedha nyingi. Mchanga uliachwa mtoni haudai malipo.

Maswali

1. Mchanga wa ufuo hutoka wapi, na nini huusukuma huku na huku?
2. Kwa nini ukuta wa mtu mmoja ulimletea jirani yake hasara?
3. Eleza jinsi maji ya kisima cha pwani yanavyogeuka kuwa ya chumvi.
4. Kama ungekuwa diwani, ungemwambia nini mchimba mchanga?