PlayStation Iliyoflashiwa: Kinga Laini Yako Kabla ya Kulipa

Jioni pale Kombani, Ng'ombeni, Waa au Tiwi, si ajabu kukuta banda lenye televisheni mbili tatu, PlayStation za mitumba, na vijana kwenye benchi wakingojea zamu ya mpira. Wengi hulipa kwa simu. Ni kazi ya halali, na sisi tunafurahi kuwahudumia wenye mabanda haya.

Ila gemu halisi ni ghali. Ndipo anapotokea mtu na kusema: "Nitumie pesa kidogo, nikufungulie mashine, uweke gemu zote bure." Somo la leo ni kwa wenye mabanda, na pia kwa wazazi ambao watoto wao hushika simu ya nyumbani kutafuta gemu.

Kufungua mashine maana yake nini?

Kampuni inayotengeneza mashine huweka ndani yake mlinzi. Kila gemu ikitaka kufunguka, mlinzi hukagua kama ina muhuri wa kampuni. Isipokuwa nao, haifunguki. Kuflashi ni kumwondoa yule mlinzi au kumpumbaza. Gemu za kunakili zitapita, sawa, lakini na programu mbaya itapita mlango uleule. Hakuna tena wa kuuliza, "Wewe ni nani?"

Hasara kwa mashine

Ya kwanza, mashine inaweza kufa. Mwezi wa Oktoba 2005 ilisambazwa programu iliyodai kufungua PSP, ile mashine ndogo ya mkononi ya Sony. Walioiweka walijikuta mafaili ya mfumo yamefutwa na mashine haiwaki tena.

Ya pili, unaweza kufungiwa. Mwezi wa Novemba 2009 Microsoft iliwafungia mtandao wachezaji wengi waliokuwa na Xbox 360 zilizochezewa. Kwa hiyo anayekuahidi gemu za bure pamoja na kucheza mtandaoni bila wasiwasi, anakudanganya.

Ya tatu ni sheria. Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Kutoza watu pesa kwa gemu zilizonakiliwa bila idhini kunaweza kukufikisha kortini.

Tupige hesabu kidogo. Tuseme banda lako linatoza shilingi 20 kwa mechi, na mashine moja inachezwa mechi 40 kwa siku. Hiyo ni shilingi 800. Ikilala kwa fundi wiki mbili, umepoteza shilingi 11,200, na fundi bado hujamlipa.

Na pesa ya simu inaingilia wapi?

Tuseme ukweli: programu iliyo ndani ya PlayStation kwa kawaida hairuki ikaingia kwenye simu yako. Hatari iko njiani, pale unapoitafuta hiyo programu. Njia ni tatu.

1. *Muuzaji hewa.* Anakutumia video tamu, anataka pesa mbele kwa namba yake binafsi. Ukituma, anadai nyingine "ya kodi ya kufungulia". Halafu anakublock.

2. *Programu ya simu isiyotoka kwenye duka rasmi.* Unaambiwa uipakue kwanza ndipo upate gemu. Ikishaingia, inaomba ruhusa ya kusoma SMS au kudhibiti skrini. Ukikubali, inaweza kuona kodi za uthibitisho zinazoingia, na hata kukuonyesha ukurasa wa uongo ili uandike PIN yako mwenyewe.

3. *Nywila moja kwa kila kitu.* Unajisajili kwenye tovuti ya gemu za bure kwa barua pepe na nywila ileile ya akaunti zako nyingine. Mwenye tovuti sasa anazo zote mbili.

Fanya hivi

- Kabla ya kulipa, soma jina la mpokeaji linalotokea kwenye simu. Jina likiwa tofauti na la unayemjua, simama hapo.
- Kwa fundi, lipa baada ya kuiona mashine ikiwaka mbele yako. Duka lenye mlango unaweza kulirudia kesho. Namba ya WhatsApp huwezi.
- Weka programu za simu kutoka duka rasmi pekee.
- PIN ni yako peke yako. Asiijue fundi, wala mtoto, wala mtu anayejiita mfanyakazi wetu. Sisi hatuulizi PIN kamwe.
- Kama simu inashikwa na watoto, usiweke PIN ya pesa sawa na ile ya kufungulia simu.

Kama yameshatokea

Usione haya, wala usingoje kesho. Kama ulituma kwa M-Pesa, peleka ujumbe wa muamala kwa 456 papo hapo kuomba pesa irudishwe. Mpokeaji akishaitoa, kuirudisha huwa vigumu, kwa hiyo kila dakika ina thamani. Kama uliweka programu usiyoiamini, zima data, ifute, kisha tia laini yako kwenye simu nyingine ubadilishe PIN. Halafu piga huduma kwa wateja, na uripoti polisi ukiwa na ujumbe wa muamala mkononi. Usiufute.

Jipime

Mtu anakuambia: "Sitaki PIN yako, nataka tu ile kodi iliyoingia kwa SMS sasa hivi." Je, umpe?

Jibu: La. Kodi hiyo ni ufunguo kama PIN ilivyo. Tofauti yake ni kwamba hutumika mara moja. Na mwizi anahitaji mara moja tu.

Ukimjua mwenye banda la gemu mtaani kwenu, msomee somo hili kabla hajamtumia mtu pesa.