Kichujio Hakitengenezi Hewa
Kijitabu cha kinga ya pumzi kwa wafanyakazi na waajiri

Maji ya kisima yamepungua katikati ya kiangazi, na mwenye nyumba anataka kiongezwe kina. Pampu ikiachwa juu haivuti maji yaliyo chini zaidi ya mita saba au nane, kwa hiyo fundi anaishusha pampu ya petroli humo humo shimoni, anaiweka juu ya ubao na kuiwasha. Injini inanguruma, moshi unazunguka hauna pa kutokea. Baada ya muda fundi akiitwa haitikii. Msaidizi wake anashuka kumtoa, naye haitikii. Jirani analowesha kitambaa, anajifunga puani, anashuka wa tatu.

Mikasa ya namna hii imeripotiwa mara nyingi Afrika Mashariki, katika visima, mashimo ya vyoo na matangi, na mara nyingi maiti huwa zaidi ya moja. Mwaka 1986 NIOSH, taasisi ya Marekani inayotafiti usalama na afya kazini, ilieleza kwamba zaidi ya asilimia 60 ya wanaokufa katika nafasi zilizofungika ni watu walioingia kuokoa wenzao.

Kitambaa chenye maji hakiwezi kumsaidia jirani yule. Wala barakoa ya bei mbaya kutoka duka la vifaa isingemsaidia. Barakoa ya kichujio, iwe ya shilingi elfu mbili au ya laki mbili, inasafisha hewa iliyopo tu. Pasipo na hewa ya kutosha haina cha kusafisha. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9. Ikishuka chini ya asilimia 19.5, taratibu za usalama huhesabu mahali hapo kuwa pa hatari, na kichujio hakiruhusiwi tena. Ikishuka chini ya 16, akili huanza kuchanganyikiwa na miguu kulegea, na hapo ndipo mtu anapodhani bado anaweza kupanda ngazi.

Moshi wa pampu una ubaya wake wa ziada. Unabeba kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hung'ang'ania chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200. Damu inaendelea kuzunguka, lakini haibebi tena kinachohitajika. Mwaka 1896, baada ya mlipuko katika mgodi wa makaa ya mawe wa Tylorstown, Wales, mwanasayansi John Scott Haldane alichunguza maiti na kuonyesha kwamba wengi wao waliuawa na gesi hii. Ndiye aliyependekeza wachimbaji washuke na ndege wadogo, kwa kuwa huzidiwa kabla ya binadamu. Kanari waliendelea kufanya kazi katika migodi ya Uingereza hadi miaka ya 1980, walipopisha vipima gesi vya kielektroniki.

Baadhi ya mafundi wa visima hushusha mshumaa au kibatari: ukizimika, hawashuki. Kipimo hicho si cha kudharauliwa, ila kinajibu swali moja tu. Moto huzimika oksijeni ikipungua sana. Kaboni monoksidi inaweza kuwa imejaa kiasi cha kuua na mshumaa ukaendelea kuwaka vizuri. Katika shimo la choo kuna methani, ambayo moto huo huo unaweza kuilipua. Humo pia mna salfidi hidrojeni, ile yenye harufu ya mayai viza. Ikiwa kidogo, pua huitambua upesi. Ikiongezeka kufikia sehemu 100 kwa milioni, inapooza mishipa ya kunusa, na mfanyakazi husema harufu imekwisha wakati ndiyo kwanza imezidi.

Kwa shimo, tangi, ghala la nafaka lililofungwa au chemba ya majitaka, kwa hiyo, mpangilio ni huu: injini ibaki nje, hewa isukumwe ndani kwa feni na mpira mrefu, kipima gesi kitangulie, anayeingia afungwe mkanda na kamba, na aliye juu asishuke kwa hali yoyote. Kamba ndiyo inayookoa. Winchi yake igharimu kiasi gani, bado ni nafuu kuliko jeneza la pili.

Vumbi lisiloonekana

Gesi huua kwa dakika. Vumbi lina subira.

Mwaka 1930 ilianza kuchimbwa njia ya maji chini ya mlima, karibu na Gauley Bridge katika jimbo la West Virginia, Marekani. Handaki la Hawks Nest lilikuwa na urefu wa takriban kilomita tano, na mwamba wake ulijaa silika, madini yanayopatikana kwenye mchanga na mawe mengi. Wachimbaji, wengi wao Wamarekani weusi waliotoka kusini kutafuta kazi wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, walitoboa mwamba mkavu bila maji kwa sababu kazi hivyo ilikwenda haraka. Wakubwa walipoingia kukagua walivaa barakoa. Wachimbaji hawakupewa. Bunge la Marekani lilisikiliza shauri hilo mwaka 1936, na makadirio yaliyofanywa miaka hamsini baadaye na daktari Martin Cherniack yaliweka vifo kuwa zaidi ya 700. Wengine walikufa kabla hata mwaka mmoja wa kazi haujaisha.

Kilichowaua kinaitwa silikosisi. Punje za silika zenye upana chini ya mikromita 10, wakati unywele mmoja una takriban 70, hupita puani na kooni zisinaswe, hasa zile ndogo zaidi zinazofika kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu. Mwili hujaribu kuzimeza, unashindwa, unaacha kovu. Kovu juu ya kovu, pafu linakakamaa. Hakuna dawa inayolirudisha. Kwa kawaida ugonjwa hujitokeza baada ya miaka kumi au zaidi, lakini vumbi likiwa zito huweza kuja ndani ya miaka michache au miezi. Na pafu lenye silika hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi, ndiyo maana katika maeneo ya uchimbaji mtu anaweza kutibiwa kifua kikuu, akapona, na bado akawa anahema.

Mwamba wa Mirerani, wilayani Simanjiro, unajulikana kwa tanzanite. Unatoboka kwa mashine inayoendeshwa na kompresa, mara nyingi pakavu, mita mamia chini ya ardhi, na mwanaapolo, kama mchimbaji wa huko anavyoitwa, akitoka jioni huwa mweusi wa grafaiti mwili mzima. Wengi huamini weusi huo ndio uchafu wenyewe, wanaoga, wanaona wamemaliza. Silika haina rangi ya kuonekana mwilini. Huko huko, Juni 2002, pampu ya kupeleka hewa ilikwama na makumi ya wachimbaji wakafa kwa kukosa pumzi. Sehemu moja, hatari mbili zisizofanana, na barakoa ya vumbi ingefaa kwa moja tu kati ya hizo.

Ni kiasi gani cha vumbi kinachodhuru? Tangu 2016 sheria ya Marekani imeweka ukomo wa mikrogramu 50 za silika katika mita moja ya ujazo wa hewa, wastani wa saa nane. Mfanyakazi anayevuta mita za ujazo kumi kwa zamu akiwa kwenye ukomo huo ameingiza nusu miligramu, kama punje kadhaa za chumvi. Ndiyo sababu macho si kipimo.

Kwa hiyo barakoa si ya kwanza katika orodha. Ya kwanza ni maji. Mashine ya kutobolea inayopitisha maji kwenye ncha yake hupunguza vumbi kwa kiasi kikubwa mno, na hakuna kichujio cha usoni kinachoshindana na vumbi ambalo halikupanda kabisa. Akina mama wanaogonga kokoto Kunduchi, Dar es Salaam, hawana mashine, lakini ndoo wanayo: jiwe lililomwagiwa maji kabla ya nyundo, na mgongo uliogeuziwa upepo unakotoka, hufanya kazi ambayo kanga iliyofungwa puani haiifanyi. Nyuzi za kanga zina matundu makubwa mno kwa punje hizi.

Vumbi lisilo la mawe nalo lina tabia zake. Katika viwanda vya mkonge Tanga, chumba cha kupigia brashi ndicho chenye vumbi kali. Katika vinu vya kahawa ni pale magunia yanapomwagwa. Kwenye vinu vya kuchambua pamba, mfanyakazi mwenye ugonjwa wa vumbi la pamba hubanwa kifua siku ya kwanza baada ya mapumziko, kisha hupata nafuu wiki ikiendelea. Akilalamika Jumatatu msimamizi hudhani ni uvivu wa mwisho wa wiki. Ni dalili, na ni ya kitabibu.

Barakoa yenyewe

Barakoa ya hospitalini, ile ya bluu, imetengenezwa kuzuia mate ya anayeivaa. Pembeni iko wazi. Ya vumbi iliyothibitishwa huandikwa N95 kwa kipimo cha Marekani au FFP2 kwa cha Ulaya: ya kwanza huzuia angalau asilimia 95 ya punje za majaribio, ya pili 94, na FFP3 hufikia 99. Maandishi hayo yawe juu ya barakoa yenyewe, yasiishie kwenye boksi.

Nguvu yake haitokani na ufinyu wa matundu peke yake. Nyuzi zake zimetiwa chaji ya umeme tuli inayovuta punje, mbinu iliyoendelezwa na Peter Tsai akiwa Chuo Kikuu cha Tennessee. Sabuni na maji huharibu chaji hiyo. Anayeifua Jumapili aivae Jumatatu amebaki na kitambaa kizuri.

Halafu kuna ndevu. Kichujio hufanya kazi tu pale hewa inapolazimika kupita ndani yake, na nywele za siku mbili tatu zinatosha kuifungulia njia ya pembeni. Kwa mfanyakazi anayefuga ndevu kwa imani yake, jibu si kumlazimisha kunyoa wala kumwacha avute vumbi. Zipo kofia zenye feni na betri zinazopuliza hewa iliyochujwa usoni, na hizo hazihitaji kubana ngozi. Ni ghali, na mwajiri ndiye mnunuzi. Anayetumia barakoa ya kubana, kila akiivaa, aifunike kwa viganja na kuvuta pumzi: iingie ndani kidogo na isivujishe karibu na macho. Ikivuja, chuma cha puani kibanwe upya.

Mvuke ni jambo lingine tena. Mchimbaji wa Geita au Chunya anayechoma dhahabu na zebaki hazuiwi na N95 wala FFP3, kwani zebaki iliyochomwa ni gesi na hupenya kichujio cha vumbi bila kizuizi. Anahitaji mkebe wa kichujio ulioandikwa wazi kuwa ni wa zebaki. Bora zaidi, achomee kwenye chombo cha chuma kilichofungwa ambacho hupoza mvuke na kuurudisha kuwa zebaki, tena nje na mbali na jiko la nyumbani. Mpaka rangi wa gereji naye anahitaji mkebe wa mvuke wa viyeyusho, pamoja na kichujio cha matone ya rangi.

Hapa kuna mtego ambao maduka ya Kariakoo au Nairobi hayautangazi. Mikebe huwekewa rangi, lakini Ulaya na Marekani hazikukubaliana rangi. Mstari mweupe kwenye mkebe wa Ulaya ni kinga ya vumbi. Kwenye wa Marekani ni kinga ya gesi za asidi. Wa njano wa Ulaya ni wa gesi kama dioksidi ya salfa. Wa Marekani ni wa gesi za asidi pamoja na mvuke wa viyeyusho. Soma maandishi, usisome rangi. Soma na tarehe ya mwisho, kwani mkebe ukishafunguliwa huanza kujaa hata ukiwa umetundikwa ukutani.

Hewa ya kubeba

Mahali pasipo na oksijeni, au penye gesi isiyojulikana, hewa inabidi iletwe. Mwaka 1914 mvumbuzi mweusi wa Marekani, Garrett Morgan, alipata hataza ya kofia yenye mpira mrefu uliovuta hewa ya chini, karibu na sakafu, ambako moshi ni haba. Julai 1916 handaki lililokuwa likichimbwa chini ya Ziwa Erie, Cleveland, lilipolipuka na kujaa gesi, yeye na wenzake waliivaa wakaingia na kutoa watu.

Vifaa vya leo vya zimamoto hubeba mtungi mgongoni. Mtungi wa lita sita uliojazwa kwa bari 300 una takriban lita 1,800 za hewa. Kwa mtu anayefanya kazi akivuta lita 40 kwa dakika, hiyo ni dakika 45 kwenye karatasi. Anayebeba majeruhi kwenye ngazi huvuta zaidi ya hapo. Filimbi hulia shinikizo likishuka karibu na bari 55, na inapolia mtu anapaswa kuwa tayari njiani kutoka.

Kompresa ya gereji isitumike kujazia mitungi hiyo wala kupeleka hewa kwenye kofia. Huchanganya mafuta, na ikiwekwa karibu na bomba la moshi la jenereta inavuta kaboni monoksidi na kumsukumia mfanyakazi moja kwa moja.

Karatasi za kutunza

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya Tanzania ya mwaka 2003 na ile ya Kenya ya 2007 zinamtaka mwajiri kutoa vifaa vya kinga. Kukata gharama ya barakoa kwenye mshahara si utaratibu. Tanzania inataka pia vipimo vya afya wakati wa kuajiriwa, wakati wa kazi na wakati wa kuondoka, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi hupokea madai ya magonjwa yatokanayo na kazi. Kipimo cha kuondoka ndicho kinachosahaulika zaidi.

Thamani yake ilionekana Afrika Kusini. Julai 2019 mahakama iliidhinisha makubaliano ya fidia ya randi bilioni 5 kwa wachimbaji wa dhahabu waliougua silikosisi na kifua kikuu, wakiwemo waliotoka Lesotho na Msumbiji. Yanawahusu waliofanya kazi tangu tarehe 12 Machi 1965. Watanganyika waliopelekwa kwenye migodi hiyo kabla ya uhuru na Wenela, shirika lililowaajiri vibarua wa migodi, wako nje ya tarehe hiyo. Kwa walio ndani, dai lilihitaji kuthibitisha mambo mawili: mapafu yana nini, na mtu alifanya kazi wapi, lini. Picha ya kifua, kitambulisho cha kazi na hati ya malipo ya miaka ishirini iliyopita ndivyo vilivyotafutwa kwenye masanduku ya wajane.