Utando wa Utumbo na Mapafu: Mlinzi Anayeiongoza Kinga ya Mwili

Utando mwembamba unaofunika upande wa ndani wa utumbo na njia za hewa hujengwa na seli za epithelia. Kwa muda mrefu utando huo ulihesabiwa kuwa ukuta tu wa kuzuia vijidudu. Utafiti umeonyesha kuwa seli hizo pia hutambua aina ya hatari iliyoingia na kuuelekeza mfumo wa kinga namna ya kuikabili.

Katika utumbo, seli nyingi za utando hufa na kubadilishwa na mpya kila baada ya siku 3 hadi 5, nazo hugawana kazi. Baadhi hutoa ute unaowaweka bakteria mbali. Nyingine, ziitwazo seli za Paneth, hutoa protini zinazowaua. Ziko pia seli chache zenye kishungi zinazotambua minyoo. Mwaka 2016 ilibainika katika panya kuwa seli hizo za kishungi hutoa kemikali iitwayo interlukini-25. Kemikali hiyo huziamsha seli za kinga, nazo huuamuru utando kuongeza ute hadi minyoo itolewe nje.

Mapafuni, utando hukutana na moshi, virusi, vumbi na chavua. Ukijeruhiwa, hutoa kemikali za tahadhari zinazoamsha kinga ya aina ileile. Kwa watu wengi wenye pumu tahadhari hiyo hupita kiasi: ute huzidi, kuta za njia za hewa huvimba, na misuli inayozizunguka hujikaza. Mwitikio unaofaa dhidi ya minyoo hapa hugeuka kuwa madhara.

Hapo ndipo elimu hii inapomhusu mgonjwa. Salbutamoli hulegeza misuli na kuleta nafuu ndani ya dakika chache, lakini haitulizi uvimbe wa utando. Dawa za kuvuta zenye steroidi huutuliza uvimbe huo, ijapokuwa nafuu yake huja polepole. Mgonjwa anayeziacha kwa kuwa hakohoi tena huweza kuuacha uvimbe urudi kimyakimya hadi shambulio jingine, ambalo laweza kuua. Ndiyo maana, tangu mwaka 2019, mwongozo wa kimataifa wa pumu wa GINA haupendekezi salbutamoli peke yake kwa watu wazima na vijana.

Mhudumu wa afya amwulize mgonjwa anatumia dawa ipi na mara ngapi, amtazame akiivuta, na amshauri aepuke moshi wa sigara na wa kuni. Mgonjwa naye asiache dawa kabla ya kushauriana na mhudumu wake.