TUACHE KUAHIRISHA: KAZI NA MASOMO WAKATI TUNAPONGOJA



Somo hili limeandikwa Kampala, lakini linawahusu pia ndugu zetu walio Nakivale, Kyaka, Rwamwanja na makazi mengine, maana ugonjwa wenyewe ni mmoja. Mtu anajua la kufanya, nafasi anayo, naye anasema, "Nitaanza Jumatatu." Jumatatu ikifika anasema, "Mwezi ujao." Huko ndiko kuahirisha. Wazee walisema: ngoja ngoja huumiza matumbo.

Tunaomba somo hili lisomwe kwa sauti nyumbani au katika kikundi, ili hata wasiojua kusoma wapate kusikia na kutoa maoni yao.

1. KUNGOJA NA KUAHIRISHA SI KITU KIMOJA

Mkimbizi hungoja mengi. Hungoja mahojiano, kadi ya familia, jibu la rufaa, simu ya kuitwa kwa safari ya nchi ya tatu. Hayo yako mikononi mwa ofisi. Hakuna wa kulaumiwa kwa kuyangoja.

Kuahirisha ni pale mtu anapochukua lile analolingoja na kulifanya sababu ya kutogusa lililo mikononi mwake mwenyewe. Maneno haya tunayasikia kila siku Nsambya, Katwe na Makindye: "Kiingereza nitajifunza tukifika Marekani." "Mtoto ataanza shule tukijua tunakokwenda." "Cherehani ya nini, na huenda tukaitwa mwezi ujao?"

Tutazame hesabu. Kwa miaka mingi UNHCR imeeleza kwamba wanaohamishiwa nchi ya tatu kwa mwaka hawafiki mtu 1 katika kila wakimbizi 100 duniani. Tena mwezi wa Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na hata watu waliokuwa wamekwisha kupangiwa ndege walifutiwa safari.

Tuchukue mfano wa majirani wawili waliofutiwa safari siku moja. Wa kwanza alikuwa amesoma Kiingereza kila jioni na kujifunza ushonaji. Wa pili alikaa tu akingoja. Wote wawili walikosa ndege, na uchungu wao ni mmoja. Lakini wa kwanza bado ana lugha na ana kazi ya mikono, navyo vinamfaa hapa Kampala, vinamfaa akirudi nyumbani, na vitamfaa siku akiitwa. Wa pili amepoteza safari na miaka pia.

2. KWA NINI MTU HUAHIRISHA?

Wengi husema ni uvivu. Si kweli kila mara. Watafiti Timothy Pychyl na Fuschia Sirois wameeleza kwamba mtu huahirisha ili kukimbia hisia mbaya inayokuja na kazi: hofu, aibu au kuchoshwa. Akiiacha kazi anapata nafuu kidogo. Baadaye kazi inarudi ikiwa nzito zaidi, na hofu nayo imeongezeka.

Baba aliyemaliza sekondari kwa Kifaransa anaona haya kukaa darasa la Kiingereza pamoja na vijana. Anaogopa kuchekwa akimwita mwanamke kwa neno la mwanamume, maana sisi katika Kiswahili tuna "yeye" tu. Kwa hiyo anasema hana muda.

Fundi cherehani amepokea gauni la harusi. Anaogopa kulikata vibaya, basi analiweka chini ya rundo na kushona mashati. Siku ya ahadi mteja anakuja, gauni halijaguswa. Fundi amepoteza mteja huyo na ndugu zake wote. Hapa Kampala mkimbizi hujitegemea kwa chakula na kodi ya nyumba, kwa hiyo hasara hiyo inafika mpaka kwenye sufuria.

Lakini tuwe waangalifu. Mtu asiyelala usiku, anayeota vita, au aliyekosa nguvu kwa huzuni ya muda mrefu, huyo haahirishi. Huyo anahitaji msaada. Msimseme vibaya, mpelekeni kwa mshauri au kituo cha afya.

3. NJIA TANO ZA KUJISAIDIA

(a) Kata kazi vipande. "Kujifunza Kiingereza" ni mlima. "Maneno 5 leo" ni hatua. Maneno 5 kwa siku ni maneno 1,825 kwa mwaka. Hata ukisahau nusu, unabaki na zaidi ya 900, na hayo yanatosha kuuza, kununua na kujieleza hospitalini. Haba na haba hujaza kibaba.

(b) Taja saa na mahali. Mwaka 1999 mtaalamu Mjerumani Peter Gollwitzer alieleza kwamba anayepanga lini na wapi atafanya jambo hulifanya zaidi kuliko anayesema tu "nitajitahidi". Usiseme, "Nitasoma wiki hii." Sema, "Nikimaliza kuosha vyombo vya jioni, nitakaa mlangoni na daftari langu."

(c) Fanya kazi dakika 25, pumzika 5. Njia hii ilibuniwa na Mwitaliano Francesco Cirillo mwishoni mwa miaka ya 1980. Alikuwa mwanafunzi aliyeshindwa kutulia kwenye vitabu, akachukua saa ndogo ya jikoni yenye umbo la nyanya na kujipimia muda. Ninyi tumieni saa ya simu. Kuanza ndiko kugumu. Dakika 10 zikipita, hofu hupungua.

(d) Weka mbali kinachokuvuta. Ukishaweka saa, simu ikae upande wa pili wa chumba, na bando lizimwe. Aliye karibu na kibanda cha video asome mapema kabla ya mpira kuanza, kwani kelele zikianza atashindwa.

(e) Tafuta mwenzako. Aibu hupungua mkiwa wawili. Mwaka 2007 vijana wakimbizi wa Kikongo hapa Kampala walianzisha kikundi cha YARID. Walianza kwa kukutana kucheza mpira wa miguu. Baada ya mchezo walizungumza shida zao, na lugha ikaonekana kuwa moja kati ya kubwa. Ndipo wakaanza masomo ya Kiingereza. Walianza na walichokuwa nacho: uwanja, mpira na watu.

4. KWA WAZAZI

Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, na hazikufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 2022. Watoto wengine hawakurudi tena. Tuliona wenyewe jinsi darasa linavyokuwa gumu kwa mtoto aliyekaa nyumbani. Basi tusiongeze miaka mingine kwa hiari yetu.

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mtoto mkimbizi haki ya elimu ya msingi sawa na mtoto wa raia. Gharama za sare na madaftari zipo, hilo tunalijua. Nenda ukaulize shuleni sasa, kabla muhula haujaanza. Na wenye vyeti vya Kongo wanaotaka kuendelea na sekondari au chuo, vyeti hivyo hulinganishwa na Baraza la Mitihani, yaani UNEB. Kusanyeni karatasi mapema, msingoje wiki ya mwisho.

Jambo moja zaidi. Msichana anayechota maji, kupika na kulea wadogo zake mpaka usiku hajaahirisha masomo, hakupewa nafasi. Mama na baba, mpeni saa moja kila siku isiyo na kazi ya nyumbani. Kaka zake nao wana mikono.

5. MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Taja jambo moja unalolingoja kutoka ofisini, na jambo moja lililo mikononi mwako.
2. Hilo la pili umeliahirisha tangu lini? Unaogopa nini?
3. Kipande chake kidogo kabisa ni kipi? Utakifanya leo saa ngapi, mahali gani?
4. Nani atakuuliza kesho kama umekifanya?

Ndugu zetu, simu ya ofisi inaweza kulia kesho, au isilie mwaka huu. Ikilia, ikukute na kitu mkononi. Liwezekanalo leo lisingoje kesho.

Mfanyakazi wa jamii, Kampala