Video za Pedali za Gitaa: Furahisha, Lakini Sema Kweli

Leo nawageukia wapiga gitaa, hasa nyie mnaotamani kuanzisha mfululizo wa video za kuonyesha pedali za ajabu. Kama hupigi gitaa, usiondoke. Suala lenyewe linamgusa kila anayemwonyesha mwenzake kitu mtandaoni.

Pedali ni kisanduku kinachokaa sakafuni, kati ya gitaa la umeme na amplifaya. Ukikikanyaga, sauti inabadilika: inakwaruza, inarudi kama mwangwi, au inatetemeka. Anayekutazama hawezi kuijaribu. Anayategemea masikio yako, na huenda ana akiba ya miezi kadhaa anayotaka kuitoa kwa neno lako. Ndiyo maana nasema video hii ni ushuhuda. Vichekesho na mbwembwe viwepo, ila vimsaidie mtu kusikia.

1. Onyesha kitu chenyewe

Mwaka 1962 Gibson walitoa Maestro Fuzz-Tone, pedali ya sauti ya mkwaruzo. Ilitengenezewa santuri ya maonyesho ambamo gitaa liliigizwa kama tarumbeta na vyombo vingine vya kupuliza. Wanunuzi hawakuchangamka. Mwaka 1965 Keith Richards wa Rolling Stones akaitumia kwenye wimbo wa "Satisfaction". Hata yeye alikusudia mkwaruzo ule ushike tu nafasi ya vyombo vya kupuliza kwa muda. Wimbo ukatoka hivyo hivyo, na pedali ikaanza kununuliwa kwa wingi. Watu walikuwa wameisikia ikiwa yenyewe, ndani ya wimbo.

Basi fanya hivi: piga kwanza gitaa tupu, kisha kanyaga pedali upige kitu kile kile, halafu iweke kwenye wimbo wenye ngoma na besi. Ya kufananisha na tarumbeta yaje baadaye.

2. Macho yasimeze masikio

Kampuni ya Gamechanger Audio ya Riga, Latvia, inatengeneza Plasma Pedal. Hii inageuza sauti ya gitaa kuwa umeme wa volti nyingi unaoruka ndani ya mrija wa kioo wenye gesi ya zenoni. Unapiga noti, unaona cheche. Ukiacha, cheche zinazimika na sauti inakatika. Kwa kamera, hiyo ni dhahabu!

Lakini mtazamaji anaweza kukumbuka mwanga akasahau sauti. Mimi nikitazama video za hivi huwa nafumba macho kidogo, nione kama bado naipenda. Msaidie mwenzako: mwonyeshe cheche, kisha weka skrini nyeusi kwa sekunde 20, asikie tu. Chaneli ya Knobs ina njia yake nzuri: maelezo mafupi yanaandikwa kwenye skrini huku sauti ikiendelea, bila mtu kuongea juu yake.

3. Kicheko kisifiche kasoro

Katika falsafa tunajifunza kwa Mt. Tomaso wa Akwino kwamba ukweli ni akili kulingana na kitu. Sasa jiulize: mtu akimaliza kutazama, picha iliyo kichwani mwake inalingana na kile kisanduku? Pedali ya ajabu mara nyingi inafaa kwa kazi moja au mbili tu. Sema hivyo. Ikiwa inavuma hata usipopiga, acha uvumi huo usikike, usiukate wakati wa kuhariri. Unaweza hata kuutania, mkacheka wote, na ukweli ukabaki mezani.

Angalia pia Josh Scott wa Marekani, mwenye kampuni ya JHS Pedals. Yeye anauza pedali zake, lakini katika kipindi chake anacheza na kusifia hata za watengenezaji wengine. Ni mcheshi kweli kweli, na bado unatoka umejifunza historia.

4. Taja aliyekupa

Kama kampuni imekupa pedali bure, sema mwanzoni kabisa. Marekani, tume ya biashara ya FTC inataka uhusiano wa namna hiyo uwekwe wazi. Sisi hatuhitaji kusubiri sheria, kwa sababu amri ya nane tuliifundishwa tangu katekesi. Kunyamaza kwa makusudi ili mwenzako adhani huna maslahi, huo nao ni uongo, hata kama hujatamka neno moja la uongo.

Zoezi la wiki

Chukua kifaa chochote ulicho nacho, hata simu. Kionyeshe kwa dakika mbili: faida moja, kasoro moja, na kichekesho kimoja. Mpe rafiki atazame, kisha akushikie kifaa chenyewe. Muulize: "Ndivyo ulivyotarajia?" Jibu lake liandike, tulijadili kwenye jumuiya.

Tuombeane.