Neno la Binti ni Ushahidi

Aghalabu huja jioni, wazee wawili watatu waliotumwa na mtu aliyemdhulumu binti wa shule, wakaketi kwa adabu, wakamwambia baba mtu kwamba kadhia hii ni ya aibu, kwamba aliyekosa amekiri, na kwamba yafaa yamalizwe nyumbani kwa ng'ombe au fedha. Na yule baba, kwa kuchelea fedheha, akainamisha kichwa. Ewe mzazi uliyefikiwa na wajumbe kama hao, tambua kwamba huna mamlaka ya kusamehe dhuluma hiyo kwa niaba ya mwanao, kwa kuwa jambo hilo ni jinai, na mwenye kushitaki jinai ni Jamhuri.

Katika Tanzania Bara, Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, iliyorekebisha Kanuni ya Adhabu, imekata shauri kwamba mtu mzima amwingiliaye mwanafunzi wa kike asiyetimiza miaka 18 amebaka, hata akidai kwamba binti aliridhia, maana ridhaa ya mtoto kwa sheria hii si ridhaa. Adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30, na akiwa mtoto hajafikia miaka 10, ni kifungo cha maisha. Sheria ya Elimu nayo, tangu marekebisho ya mwaka 2016, imeharamisha kumwoa au kumpa mimba mwanafunzi. Fauka ya hayo, mwalimu adaiye mwili wa mwanafunzi kuwa sharti la kumpa alama za mtihani ametenda rushwa ya ngono, ambayo ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007.

Nawe, binti yangu, huenda umeambiwa kwamba hakuna atakayekusadiki, kwa kuwa mlikuwa wawili tu chumbani. Maneno hayo ni ya kukutisha. Sheria ya Ushahidi imeiruhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa makosa haya kwa neno lako peke yake, pasipo shahidi wa pili, maadamu hakimu ameridhika kwamba unasema kweli.

Basi likitokea jambo hilo, mwambie mtu mzima unayemwamini siku ile ile. Usioge wala usifue nguo ulizovaa. Fika hospitali upesi, kwani dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hufaa zikianzwa kabla ya saa 72 kupita. Na kituoni polisi, uliza Dawati la Jinsia na Watoto, upewe fomu ya PF3 kwa ajili ya matibabu. Namba 116 ya kuombea msaada wa watoto hupigwa bila malipo. Nawe jirani au mwalimu uliyejua ukanyamaza, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imekuwajibisha kutoa taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lako.

Na aliyepata mimba asidhani kwamba elimu yake imekoma, kwani tangu Novemba 2021 serikali imefungua mlango wa kurejea shuleni baada ya kujifungua.

Wajumbe wa jioni watakapobisha hodi, wapokeeni kwa staha, kisha waambieni kwamba maneno hayo yatasikilizwa mbele ya hakimu, na binti wenu atakuwa wa kwanza kusema.