SOMO KWA WAFANYAKAZI: Kuomba Tathmini Mpya ya Ulemavu Uliotokana na Kazi

Wananchi wa Visiwani, hasa wenye jamaa wanaofanya kazi Tanga, Muheza, Pangani, Korogwe na Mkinga, wanaarifiwa kuwa mfanyakazi aliyeumia kazini na kupewa asilimia ya ulemavu asiyoridhika nayo hajafika mwisho wa njia. Sheria inampa nafasi ya kuomba uamuzi huo uangaliwe upya. Hata hivyo, nafasi hiyo haimfai mtu asiyejua hasa anapinga nini, wala mtu asiye na karatasi. Somo hili linaeleza mambo hayo mawili.

Sheria inayohusika

Fidia ya mfanyakazi aliyeumia Tanzania Bara huongozwa na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Na. 20 ya mwaka 2008. Kwa kuwa mambo ya kazi si ya Muungano, aliyeajiriwa Unguja au Pemba hufuata sheria za Zanzibar. Lakini mwenyeji wa Wete au Mkoani aliyeajiriwa katika bandari ya Tanga, katika kiwanda cha saruji cha Pongwe au katika shamba la mkonge, yumo chini ya sheria ya Bara. Kinachoangaliwa ni mahali pa ajira, si kisiwa alikozaliwa mtu.

Chini ya sheria ya zamani ya mwaka 1949, mzigo wa fidia ulikuwa juu ya mwajiri mwenyewe, na viwango vyake vya shilingi viliachwa nyuma mno na bei za vitu. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi Julai 2015, ulibadilisha mpango huo. Michango hutolewa na mwajiri peke yake, na mfanyakazi hakatwi kitu katika mshahara wake. Kwa hiyo, anayeomba tathmini mpya hamshitaki mwajiri wake, bali anawasilisha hoja kwa Mfuko. Jambo hili lifahamike vyema, kwa kuwa wapo wanaonyamaza kwa kuchelea kupoteza kazi.

Maana ya asilimia

Malipo ya ulemavu hupita katika hatua mbili. Ya kwanza ni ulemavu wa muda, yaani kipindi ambacho mgonjwa anatibiwa na hawezi kazi. Katika kipindi hicho hulipwa asilimia 70 ya mshahara wake wa mwezi, kwa muda usiozidi miezi 24. Ya pili ni ulemavu wa kudumu. Hii hupimwa pale matibabu yanapofikia kikomo na nafuu zaidi haitarajiwi. Aliyepoteza macho yote mawili au mikono yote miwili huhesabiwa kuwa na ulemavu wa asilimia 100. Majeraha mengine hupata chini ya hapo kwa kadiri ya hasara ya kiungo.

Mpaka mkubwa uko kwenye asilimia 30. Ulemavu usiozidi kiwango hicho hulipwa kwa mkupuo mmoja, na ukikizidi, mfanyakazi hupata pensheni ya kila mwezi.

Na uchukuliwe mfano wa kufundishia. Mkonge uliletwa katika pwani hii mwaka 1893, na tangu hapo korona, mashine ya kuchakata majani yake, imekuwa ikijeruhi mikono ya watu. Mfanyakazi mmoja ananaswa na korona, anapoteza vidole viwili, na kifundo cha mkono kinakakamaa. Daktari anayeandika ripoti anataja vidole tu, na asilimia inayopatikana ni 26. Mfanyakazi analipwa mara moja, fedha zinaezeka nyumba na kulipa madeni, na mwaka ukiisha hakuna kilichobaki. Kama kifundo nacho kingepimwa, huenda jumla ingevuka 30. Hivyo tofauti ya asilimia chache yaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya fedha zinazokuja mara moja na riziki ya kila mwezi.

Sababu za kuomba

Barua inayosema tu kwamba "fidia ni ndogo" haitoshi. Mwombaji aeleze sababu yake, na kwa kawaida itakuwa mojawapo ya hizi tatu:

1. Tathmini ya kwanza ilikuwa na kasoro. Kiungo kimeachwa, jeraha limeelezwa visivyo, au upimaji umefanywa kabla hali haijatulia. Ushahidi wake ni ripoti ya daktari inayoonyesha kilichoachwa.

2. Hali imebadilika baadaye. Mfupa umeunga vibaya, jicho la pili limeanza kufifia, au mguu umehitaji upasuaji mwingine. Hapa mwombaji hapingi uamuzi wa awali; anaonyesha kuwa mwili wa leo si ule uliopimwa. Ripoti ya zamani na mpya ziwekwe pamoja, na daktari aeleze kuwa mabadiliko hayo yametokana na jeraha lile lile la kazini.

3. Asilimia ni sahihi, lakini mshahara uliotumika katika hesabu si sahihi. Jambo hili huwagusa sana wakata mkonge na makuli wanaolipwa kwa kadiri ya kazi, ambao mapato yao hupanda na kushuka. Ushahidi hapa ni hati za malipo. Cheti cha daktari hakitasaidia.

Kanuni hii si ngeni duniani. Mkataba Na. 121 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1964, unataka sheria za nchi ziweke masharti ya kuyapima upya malipo pale kiwango cha hasara kinapobadilika.

Utaratibu

Taarifa ya ajali hutolewa kwa mwajiri mapema iwezekanavyo, na dai la kwanza hufikishwa ndani ya miezi 12. Uamuzi ukitoka na usipomridhisha, mwombaji humwandikia Mkurugenzi Mkuu wa Mfuko, akitaja namba ya dai, tarehe ya ajali, uamuzi anaoulalamikia na sababu zake. Huenda akatakiwa kupimwa upya na daktari atakayeteuliwa, naye hana budi kuhudhuria. Asiporidhika tena, hukata rufaa kwa Waziri mwenye dhamana ya kazi, na baada ya hapo katika Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Rufaa zina muda maalumu. Kwa hiyo tarehe ya kupokea barua ya uamuzi iandikwe siku hiyo hiyo, na siku zilizobaki ziulizwe mara moja.

Asiyejua kuandika barua ya namna hiyo amwendee Afisa Kazi wa mkoa au chama chake cha wafanyakazi. Wa mashambani wanacho Chama cha Wafanyakazi wa Mashambani na Kilimo Tanzania, na wa bandarini wana chama chao. Hakuna haja ya kumpa kishoka sehemu ya fidia.

Tahadhari

Kupimwa upya ni kupimwa kwa haki, na mizani yaweza kuinama upande wowote. Aliyepata nafuu kubwa anaweza kukuta kiwango chake kimeshushwa. Kabla ya kuomba, mfanyakazi apate kwanza maoni ya daktari anayemtibu. Aidha, aliyekataa matibabu bila sababu ya msingi huidhoofisha hoja yake mwenyewe.

Wajibu wa jamaa

Mara nyingi aliyeumia hurudishwa kwao kuuguzwa, akavuka bahari hadi Pemba, na karatasi zake zikabaki Tanga katika chumba cha kupanga. Jamaa wanaokwenda kumchukua wachukue pia nakala ya taarifa ya ajali, mkataba wa kazi, hati za malipo, kadi za kliniki, picha za eksirei na kila barua iliyotoka kwa Mfuko. Mgonjwa akiendelea na matibabu kisiwani, kila hudhurio liandikwe na kuhifadhiwa, kwani huo ndio ushahidi wa hali iliyobadilika. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Fidia ya mkono uliokatika nayo ni mali, na daftari lake lianzishwe siku ile ile ya ajali.